Nywila Si Uchoyo

Kwetu Buzuruga leo kuna njia rahisi ya kumtambua mtu mchoyo: ameweka nywila ngumu kwenye waifai yake. Asiyeweka nywila kabisa ni muungwana. Aliyeweka namba yake ya simu ni mtu wa kawaida, anaeleweka. Lakini yule aliyeweka maneno matano yasiyohusiana, akakataa kuwatajia vijana wa nyumba ya pili, huyo ana lake jambo. Ama anaringa, ama anaficha kitu, ama amesoma mpaka akapitiliza.

Maoni haya utayasikia kuanzia stendi hadi kwenye nyumba zilizobanwa na mawe huko mlimani, na ukivuka kwenda Nyakato au Mabatini utayakuta yaleyale. Hayashikiliwi na wajinga. Wanaoyasema ni walimu, wafanyabiashara, watumishi wa halmashauri, na mafundi wenyewe wanaofunga ruta. Kwa hiyo nitayaeleza kwanza kama wao wanavyoyaeleza, wanapokuwa wametulia na wana nia ya kunielimisha.

Wanasema hivi. Nyumba zetu ni za kupanga, familia nne au tano kwenye uani mmoja. Bomba ni moja, choo ni kimoja, LUKU tunachangia. Kifurushi cha intaneti siku hizi kinalipiwa kwa mwezi na wengi wanauziwa kisicho na kikomo; jirani akitazama mpira kwa waifai yangu, mimi napungukiwa nini? Pili, mimi ni mtu wa kawaida, sina siri za serikali wala mabilioni, sina cha kuficha. Tatu, hata kama kuna wa kusikiliza, WhatsApp imeshasimbwa tangu 2016, tovuti za benki zimesimbwa, sasa ruta inasimba nini tena? Nne, nywila ninayo, ni namba yangu ya simu, inatosha na siisahau. Na tano, wanamalizia kwa kicheko, mdukuzi gani atapanda daladala kuja Buzuruga kunidukua mimi?

Kila dai hapo lina chembe ya ukweli. Yakikaa pamoja yanajenga imani moja potofu, kwamba ufunguo wa ruta ni kufuli la bando. Ukiamini hivyo, basi kweli mwenye bando lisilokwisha na nywila ngumu ni mchoyo, na mjadala umekwisha.

Lakini ruta ni redio. Unachoandika kwenye simu hurushwa hewani pande zote, kwako na kwa jirani, na ukuta wa tofali hauzuii kitu cha maana. Mtandao usio na ufunguo hurusha kila kitu kwenye kipande hicho cha hewa bila kukisimba, na kompyuta yoyote iliyowekwa kusikiliza inakipata. Ukiweka ufunguo wa aina ya WPA2, ambayo ndiyo iliyomo kwenye ruta nyingi tunazouziwa, nywila yako na jina la mtandao wako hupitishwa kwenye hesabu inayorudiwa mara 4,096 na kutoa ufunguo mrefu wa biti 256. Simu na ruta hupatana kwa hatua nne, na kuanzia hapo kila wanachoambiana hewani kimefungwa. Kwa hiyo nywila ina kazi mbili: kuchagua nani aingie na kufunga maneno yanayorushwa. Buzuruga inaiona ya kwanza tu, tena inaiona vibaya.

Dai la kwanza: jirani hapunguzi kitu

Kweli hapunguzi. Anaongeza. Anaongeza mambo yaliyofanywa kwa jina lako.

Kwa mtu aliye nje, vifaa vyote vinavyopita kwenye ruta yako vinaonekana ni laini moja. Mtandao haumjui mpangaji wa chumba cha tatu. Unaijua laini, na laini ina mwenyewe, mwenye jina na namba ya NIDA. Hapa ndipo ninaposhindwa kuwaelewa wenzangu. Kuanzia Mei 2019 nchi nzima ilipeleka vidole kusajili laini upya, na Januari 2020 zisizosajiliwa zikaanza kuzimwa. Tulipanga foleni, tulilalamika, wengine walihangaika kutafuta kitambulisho kwanza ndipo wakatafute usajili, na yote hayo yalifanywa ili kila laini ijulikane ni ya nani. Kisha mtu yuleyule ananunua ruta, anachomeka humo laini iliyosajiliwa kwa kidole chake, anaiweka juu ya kabati na kuifungulia mtaa. Mwombe akuazime laini yake ya simu wiki moja tu, uone atakavyokutazama.

Sheria ya Makosa ya Mtandao ilipitishwa 2015 na kuanza kutumika Septemba mwaka huohuo. Kifungu cha 16 kinachohusu taarifa za uongo kina faini isiyopungua shilingi milioni 5, au kifungo kisichopungua miaka 3, au vyote viwili. Nitakuwa mkweli: kosa hilo linamtaka mtu awe anajua anachokifanya, kwa hiyo hakuna hakimu wa kukufunga kwa sababu tu una ruta. Lakini kabla ya hakimu kuna kituo cha polisi, na sheria hiyohiyo inampa mkuu wa kituo mamlaka ya kuamuru upekuzi na kuchukua vifaa. Kompyuta yako ya kazi ikishakuwa kielelezo, ukweli kwamba hukujua hauirudishi mezani kesho asubuhi wakati wateja wanasubiri.

Kuna jambo lingine la kuchekesha. Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni za 2018 zilimtaka mwenye intaneti kafe kuandikisha wateja kwa vitambulisho na kufunga kamera. Tuliziona kali, na zilikuwa kali. Sasa mwenye nyumba anayegawa intaneti kwa watu asiowajua idadi anafanya kazi ya intaneti kafe bila daftari, bila kamera, na bila hata kulipwa. Mwenye kafe alau alikuwa akipata chochote kwa kila nusu saa.

Wajerumani walifikishana mahakamani kwa jambo hili. Mei 2010 mahakama yao kuu ya mashauri ya madai iliamua kesi ya mtu aliyekuwa likizo wakati laini yake ikitumika kugawa wimbo kinyume cha haki za mwenye wimbo. Hakushiriki, hakujua, hakuwepo nyumbani. Wakamwambia: ulipaswa kuweka nywila yako mwenyewe badala ya kuacha mipangilio ya kiwandani. Mwaka 2017 Ujerumani ililegeza sheria hiyo ili wenye mikahawa waweze kugawa intaneti kwa amani, na ilihitaji bunge kufanya hivyo. Sisi tumejilegezea wenyewe, kwa kauli ya fundi.

Dai la pili: sina cha kuficha

Hili linasemwa kana kwamba simu ya mtu ina mambo ya mtu mmoja. Mwalimu ana matokeo ya wanafunzi. Wakala wa fedha aliyepanga fremu ya mbele, ambaye naye ameunganishwa kwenye waifai ya nyumba, ana picha za vitambulisho vya wateja. Katibu wa kikoba ana orodha ya nani kakopa na nani kashindwa kurejesha. Ukisema huna cha kuficha, umewasemea hao wote bila kuwauliza. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, inayotumika tangu Mei 2023, na ina tume ya kuisimamia. Ni sheria inayomtazama anayekusanya taarifa za watu na kumuuliza amezitunzaje. "Sina cha kuficha" si jibu ninalodhani litapokelewa.

Na usidhani ni lazima awepo mtu anayekulenga. Mei 2010 Google ilikiri kwamba magari yake ya kupiga picha za barabara, katika nchi zaidi ya 30, yalikuwa yakinasa vipande vya mawasiliano kutoka kwenye waifai zisizo na ufunguo. Magari yale yalikuwa yanapita tu kwenye kazi nyingine. Yaliyonaswa hayakulengwa na mtu. Yalikuwa wazi hewani.

Dai la tatu: kila kitu kimeshasimbwa

Hili ndilo dai la watu wanaojua, na linastahili kujibiwa kwa urefu. Lina hata mtetezi mwenye jina. Januari 2008 Bruce Schneier, mmoja wa wataalamu wakubwa wa usimbaji duniani, aliandika kwamba waifai ya nyumbani kwake haina nywila. Kwake ilikuwa adabu ya kawaida, sawa na kumpa mgeni umeme na kikombe cha chai. Hoja yake ilikuwa kwamba kompyuta isiyojilinda yenyewe itadhurika tu uwanja wa ndege au hotelini, kwa hiyo linda kompyuta na uache ruta wazi.

Wanaomnukuu Schneier huku kwetu wamechukua nusu ya pili ya sentensi. Nusu ya kwanza inasema linda kompyuta. Mtu yule alijua kila kifaa kilichokuwa ndani ya nyumba yake na alikifunga kwa mkono wake mwenyewe. Na aliandika 2008, kabla nyumba hazijajaa vitu vinavyoongea na mtandao. Hesabu vilivyomo nyumbani kwa mtu wa kawaida wa Buzuruga mwaka huu: runinga janja, king'amuzi, mashine ya kurekodi kamera za ulinzi, pengine printa ya wakala pale mbele, na simu ya zamani ya mtoto ambayo haijapata maboresho miaka mingi. Ni kweli kwamba WhatsApp imesimbwa. Printa je? Kamera je? Nyingi zinamwamini yeyote aliye ndani ya mtandao, kwa sababu zilitengenezwa kwa dhana kwamba aliyeingia ameruhusiwa na mwenye nyumba.

Kisha kuna ruta yenyewe. Mtu aliyeunganishwa anaandika 192.168.1.1 au 192.168.0.1 na anakutana na ukurasa unaomuuliza jina na nywila ya usimamizi. Kwenye ruta nyingi majibu ni "admin" na "admin", au yamechapishwa kwenye kibandiko mgongoni mwa ruta. Akishaingia hapo hana haja ya kuvunja usimbaji wa benki yako. Anabadilisha mstari mmoja tu, anwani ya seva inayogeuza majina ya tovuti kuwa namba, na kuanzia hapo ukiandika jina la tovuti ni yeye anayechagua upelekwe wapi. Kivinjari kitakuonya, ndiyo, endapo utasoma onyo. Brazil ilipitia hayo kati ya 2011 na 2012, vifaa vya intaneti vya majumbani milioni 4.5 vikabadilishwa mstari huo, na watu wakapelekwa kwenye kurasa za benki za bandia. Wale walivamiwa kutokea mbali kupitia udhaifu wa vifaa vyenyewe. Sisi tunampunguzia mvamizi safari kwa kumkaribisha ndani.

Wanaodhani ruta yao ni ndogo mno kumfaa mtu wafikirie Mirai. Ilikuwa programu haramu ya 2016 iliyotembea duniani ikijaribu orodha fupi ya nywila za kiwandani, jozi 60 na kidogo, kwenye kamera na ruta. Haikuvunja usimbaji wowote. Ilibisha hodi kwa "admin" na "admin" na ikafunguliwa. Jeshi lililopatikana humo liliziba tovuti kubwa za Marekani Oktoba mwaka ule, na jeshi la aina hiyo likakodiwa kuipiga kampuni ya simu ya Lonestar huko Liberia, kwa malipo kutoka upande wa mshindani wake wa biashara. Daniel Kaye, Mwingereza aliyeifanya kazi hiyo, alifungwa Januari 2019. Wenye zile kamera na ruta hawakuhojiwa na mtu. Wengi hadi leo hawajui kwamba vifaa vyao viliwahi kushiriki vita vya kibiashara Afrika Magharibi.

Nitaje na waifai za vocha, zile za jero kwa siku zinazoenea mitaani. Nyingi ukijiunga hazikuulizi chochote mpaka ukurasa wa vocha utokee, na watu wanasema "hii ina ulinzi, inataka namba". Ukurasa ule unalinda jero ya muuzaji. Hewa kati ya simu yako na mnara wake mdogo iko wazi kama ilivyokuwa kabla hujalipa. Sina ugomvi na muuzaji. Intaneti ya bei ile ni msaada mkubwa kwa mwanafunzi wa Igoma. Ugomvi wangu ni na mnunuzi anayeingia humo kulipia mzigo wa dukani akidhani vocha ni ngao.

Dai la nne: namba yangu ya simu inatosha

Mazungumzo yenyewe yanajulikana. "Bosi, nikuwekee paswedi gani?" "Weka namba yangu, nisije nikasahau." Fundi anaandika, anapokea chake, anaondoka, na mwenye nyumba analala akijua ana nywila yenye tarakimu kumi.

Tuifanyie hesabu hiyo nywila. Namba za simu zetu huanza na 06 au 07, kwa hiyo tarakimu mbili za mwanzo si siri. Zinabaki nane, na hizo zinatoa namba milioni 100 kwa kila mwanzo, milioni 200 kwa zote. Zinaonekana nyingi. Mwaka 2021 mtafiti Ido Hoorvitch alizunguka Tel Aviv na vifaa vya bei ya kawaida, akanasa alama za waifai 5,000, akarudi nyumbani na kuanza kubahatisha. Alianza na namba za simu, kwa sababu aliwajua wenzake: Waisraeli nao wana tabia yetu hiihii. Kompyuta yake mpakato ilijaribu nywila zipatazo 194,000 kwa sekunde, na alipomaliza mbinu zake zote alikuwa amefungua zaidi ya asilimia 70 ya mitandao ile. Gawanya sasa. Namba milioni 200 kwa mwendo huo ni dakika 17. Hapo tumejaribu kila namba inayoanza na 06 na 07, zikiwamo ambazo hazijawahi kutolewa na kampuni yoyote.

Kinachowapotosha watu ni picha ya mwizi aliyekaa nje ya dirisha akijaribu nywila moja baada ya nyingine mpaka ruta ishtuke. Haifanyiki hivyo. Anayetaka ananasa yale mapatano ya hatua nne, simu ya mwenye nyumba inapojiunga, kisha anaondoka. Kubahatisha anakufanyia kwake, na ruta yako haina habari. Halafu, mwenye haraka hahitaji hata hizo dakika 17, kwa sababu namba yako imeandikwa ukutani dukani kwako chini ya neno "Lipa hapa".

Linganisha na maneno. Chukua orodha ya maneno 5,000 ya Kiswahili, chagua manne kwa bahati nasibu kabisa, kwa karatasi ndani ya kofia ukipenda: kompyuta ileile itahitaji karibu miaka 100 kuyajaribu yote. Ongeza neno la tano na miaka inapita 500,000. WPA2 inaruhusu herufi 8 hadi 63, nafasi ipo tele. Masharti ni kwamba maneno yachaguliwe na bahati, si na wewe, maana wewe utachagua jina la mtoto, Simba au Yanga, na mwaka wa kuzaliwa.

Pia ziko njia mbili za kuharibu nywila nzuri. Ya kwanza ni WEP, usimbaji wa 1997 ambao bado unaonekana kwenye menyu za vifaa vya zamani vinavyouzwa kwa mkono. Udhaifu wake ulichapishwa 2001, na 2007 watafiti wa Darmstadt walionyesha kwamba unavunjwa kwa chini ya dakika moja, hata nywila iwe nzuri kiasi gani. Ya pili ni WPS, kile kitufe cha kuunganisha kwa urahisi pamoja na namba yake ya tarakimu nane. Desemba 2011 Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huikagua namba ile nusu kwa nusu, kwa hiyo badala ya mamilioni ya majaribio yanatosha 11,000. Unaweka maneno matano mbele, nyuma umeacha tarakimu nne na tatu. Kizime.

Dai la tano: mdukuzi gani atakuja Buzuruga

Hakuna atakayekuja. Yupo tayari, na hajioni kuwa mdukuzi.

Barry Ardolf wa Blaine, mji wa Minnesota nchini Marekani, aligombana na majirani waliokuwa wamehamia karibu naye, ambao walimlalamikia polisi kuhusu mtoto wao. Hakwenda na panga. Alipakua programu ya bure, akavunja ufunguo wa WEP wa waifai yao, na kwa muda mrefu akatumia laini yao kumchafua mume wa nyumba ile: akafungua ukurasa kwa jina lake wenye picha za kumfunga mtu, akawaandikia wafanyakazi wenzake, na hatimaye akatuma vitisho kwa makamu wa rais wa wakati huo, Joe Biden. Maofisa wa usalama walipofuata anwani walifika kwa jirani. Jirani aliokolewa na jambo moja tu: ofisi aliyofanyia kazi ilimwajiri mpelelezi aliyeweka chombo cha kunasa mawasiliano kwenye mtandao wake, na humo likaonekana jina la Ardolf. Julai 2011 alifungwa miaka 18.

Mwenye hoja ya "nani atakuja Buzuruga" aniambie ni ofisi gani hapa itakayomkodia mpelelezi. Na aniambie kama uani wake hauna magomvi. Ukuta wa choo, kodi ya maji, mtoto aliyempiga mwenzake, mume aliyesalimiana vibaya na mke wa mtu, mpangaji aliyeondoka na deni huku nywila ya nyumba ikiwa bado kwenye simu yake: mitaa yetu ina sababu za kutosha za mtu kutaka mwenzake apate taabu. Zana ni za bure na maelezo yapo kwenye video, mengine kwa Kiswahili kizuri tu.

Dai la mwisho: basi ni uchoyo

Nimeliacha mwisho kwa sababu hili ndilo linalouma, na ndilo linalowafanya watu waandike nywila ubaoni. Hakuna anayetaka kuitwa mchoyo na watu anaozikana nao.

Sasa tazameni anavyofanya huyo mkarimu. Anatoa nywila moja kwa watu wote. Mpangaji anampa mdogo wake, mdogo mtu anaionyesha simu yake, mwenzake anapiga picha ile alama ya mraba na kujiunga, kazi ya sekunde mbili. Baada ya mwezi nywila haina mwenyewe. Na WPA2 ya nyumbani ina tabia ambayo mafundi hawaisemi: yeyote anayeijua nywila, akinasa mapatano ya simu yako inapojiunga, anaweza kufungua maneno yako yanayorushwa hewani. Wapangaji wanaoshiriki nywila moja wanasikilizana kama walivyokuwa kabla ya kuwekwa nywila, ila sasa kila mmoja anaamini amefungiwa. WPA3, iliyotoka 2018, imeziba tundu hilo. Kama ruta yako inayo na simu za nyumbani zinakubali, ichague. Kama zipo simu za zamani, upo mpangilio wa kuchanganya na WPA2, pungufu kidogo, lakini unafaa.

Na ukarimu una mahali pake. Ruta nyingi zina mtandao wa pili kwa ajili ya wageni, wenye jina lake na nywila yake, usiomruhusu mgeni kuiona printa, kamera wala ukurasa wa usimamizi. Mpe jirani huo. Badilisha nywila yake kila mpangaji anapohama, na weka kikomo cha kasi ili mpira wake usizime kazi yako. Niliwahi kumweleza hivyo mzee mmoja jirani, mtu mwenye roho safi kabisa. Akaniuliza, "Kwa hiyo nimpe, lakini nisimpe yote?" Nikamwambia ndiyo, mzee wangu, ndivyo unavyofanya hata na chumba chako cha kulala.

Mtandao huo wa wageni hautabadilisha suala la jina. Laini bado ni yako. Kwa hiyo wape watu unaowajua, wenye majina na vyumba, sio stendi nzima. Akisema mtu kwamba huo nao ni uchoyo, mwambie asajili ruta kwa kidole chake, wewe utachangia kifurushi. Utaona ukarimu unavyopungua ghafla.

Wa kulaumiwa zaidi, hata hivyo, si huyu mwenye nyumba. Ni wanaouza ruta na wanaowaruhusu waziuze hivyo. Uingereza tangu Aprili 29, 2024 imekataza kuuza vifaa vya mtandao vyenye nywila moja ya kiwandani kwa wote. Sisi tulionyesha mwaka 2016 kwamba tukiamua tunaweza: Juni 16 ya mwaka ule simu bandia zilizimwa nchi nzima, na watu wakajifunza kukagua namba ya kifaa kabla ya kulipa. Ruta haijapata siku yake. Inauzwa ikiwa na ukurasa wa mipangilio wa Kiingereza, ambao mama mwenye nyumba za kupanga hawezi kuusoma na hakutarajiwa kuusoma. Anamtegemea fundi. Na fundi anayefunga mtaa mzima ana nywila moja ya usimamizi anayoiweka kila nyumba, ileile, kwa sababu haimchoshi kukumbuka. Muulize kwa nini, atakujibu kwa upole kabisa: "Ni kwa faida yako bosi, siku ukisahau nakuja kukufungulia."

Siku hiyo hiyo anayoondoka, badilisha nywila hiyo ya usimamizi, ndiyo ya kwanza. Ya waifai ifuate. Ziandike zote mbili kwenye daftari na ulifungie kabatini. Mwizi wa mtandaoni hafungui kabati. Na fundi akirudi akakuta hawezi kuingia, akakuuliza umekuwaje siku hizi, usijitetee.